Doa Lililofutwa

Tarehe 15 Agosti 1961 jarida la Physical Review Letters lilichapisha makala fupi kutoka Chuo Kikuu cha Michigan, na ndani yake kuna picha ambayo wanafizikia hawajaacha kuichekea. Ni nakala ya bamba la fotografia lenye vipimo vya urefu wa mawimbi ya mwanga, vimepangwa kama alama za rula. Upande mmoja kuna doa kubwa, alama ya mwanga mwekundu wa leza. Upande wa pili kuna mshale. Maelezo ya chini yanasema mshale unaonyesha alama ndogo ya mwanga mpya, mwanga ambao leza haikuutoa. Ufuate mshale huo kwa jicho: utafika mahali patupu.

Inasimuliwa kwamba alama ilikuwapo picha ilipotumwa. Mtu mmoja katika kazi ya kutayarisha kurasa aliiona, akadhani ni uchafu ulioshika kwenye bamba, akaisafisha. Ushahidi wa kwanza wa tawi zima la fizikia ukafutwa na mtu mwenye nia njema aliyependa picha safi. Nimeanzia hapo kwa sababu historia yenyewe, kwa miaka hamsini iliyofuata, iliendelea kuwa historia ya madoa: mikwaruzo, vinundu, kingo zisizonyooka, vitu ambavyo fundi yeyote wa maabara angevipangusa. Wengi wanaotajwa humu walipata jina kwa sababu walichelewa kupangusa.

Waandishi wa makala ile walikuwa wanne: Peter Franken, Alan Hill, C. W. Peters na Gabriel Weinreich. Leza ilikuwa kitu kipya kabisa. Theodore Maiman alikuwa ameiwasha ya kwanza huko Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960, akitumia kijiti cha yakuti nyekundu. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya Trion Instruments, iliyokuwa katika mji uleule wa Ann Arbor wenye chuo kikuu cha akina Franken, ilikuwa ikiziuza. Leza waliyoitumia ilitoa jouli 3 hivi kwa mmweko wa milisekunde moja. Waliukusanya mwanga huo kwa lenzi hadi ukawa nukta ndani ya fuwele ya kwatsi. Uliingia mwanga mwekundu wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 694.3. Mwingi ukatoka ulivyoingia. Lakini pamoja nao ukatoka mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, wenye mawimbi ya nanomita 347.2, yaani nusu kamili. Nusu ya urefu maana yake ni mitetemo maradufu kwa sekunde. Fotoni mbili nyekundu zimeingia, imetoka moja yenye nguvu ya zote mbili.

Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo cha kuchekesha. Kwa kila fotoni milioni 100 hivi za leza, ilitoka moja mpya. Si ajabu alama yake ilionekana kama uchafu.

Ili kuona kwa nini kidogo hicho kilikuwa kikubwa, kumbuka jinsi mwanga unavyofanya siku zote. Tochi mbili zikipishanisha miale yake, hakuna mwale unaomsumbua mwenzake. Nguo nyekundu ukiimulika kwa taa kali zaidi inang'aa zaidi, lakini haiwi ya buluu. Mata hujibu kwa kadiri ilivyosukumwa: msukumo ukiongezeka maradufu, jibu nalo maradufu, bila kuongeza neno lake. Ndivyo redio ndogo inavyofanya ukiipigia sauti ya wastani. Ifungulie hadi mwisho, na spika inaanza kukwaruza, inatoa sauti ambazo mwimbaji hakuziimba. Spika imesukumwa kupita mahali inapoweza kufuata kwa uaminifu. Leza ndiyo ilikuwa chombo cha kwanza cha kuifungulia mata hadi mwisho kwa kutumia mwanga, na sauti ya kwanza iliyosikika ikakwaruza ilikuwa ile ambayo mwanamuziki angeiita oktavu ya juu. Wanafizikia huiita hamoni ya pili. Weinreich, mmoja wa wale wanne, aliishia kuwa bingwa wa sayansi ya sauti za nyuzi za piano na fidla, na baadaye akawekwa wakfu kuwa kasisi wa Kianglikana. Sijui mwanafizikia mwingine aliyefuata oktavu kwa umbali huo.

Kwa nini walichagua kwatsi? Hapo ndipo fedha na dhahabu zinapoingia, kwa kufungiwa nje kwanza. Fikiria mashua iliyoachwa katikati ya bahari tulivu, mawimbi madogo yakiibembeza. Inalala kulia sawa na inavyolala kushoto. Sasa ifunge gatini. Wimbi likiivuta nje inakwenda kwa ulaini. Likiirudisha inagonga ukuta. Mwendo wa kwenda na wa kurudi si sawa tena, na mgongano huo ni kitu ambacho wimbi lenyewe halikuwa nacho. Hamoni ya pili huzaliwa na tofauti hiyo ya kwenda na kurudi. Ndani ya kwatsi atomi zimepangwa kwa namna ambayo elektroni ikisukumwa upande mmoja hukuta mambo tofauti na upande wa pili. Ndani ya fedha na dhahabu mpangilio wa atomi ni wa ulinganifu kamili: kila atomi ukiipita katikati unakuta mwenzake wa upande wa pili, umbali uleule. Mashua iko baharini. Kwa hesabu ya kawaida hamoni ya pili ni sifuri, si kidogo, sifuri.

Aliyeziandika hesabu hizo kwa ukamilifu alikuwa Nicolaas Bloembergen, Mholanzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Huyu inafaa tukae naye kidogo. Alizaliwa Dordrecht mwaka 1920 na kusoma Utrecht mpaka Wajerumani walipokifunga chuo. Katika majira ya baridi ya njaa ya 1944 na 1945 alikula vitunguu vya maua ya tulipu ili tumbo lishibe, na usiku alisoma kitabu cha nadharia ya kwanta kwa taa ya chemli iliyojazwa mafuta ya kupashia nyumba joto, akilazimika kuisafisha kila baada ya dakika 20 hivi kwa jinsi ilivyofuka moshi. Vita vilipokwisha alivuka bahari. Mwaka 1962, akiwa na wenzake wa Harvard, alichapisha makala mbili zilizoweka misingi ya fani: moja juu ya mwanga unavyobadilishana nguvu na mata, nyingine, aliyoiandika na Peter Pershan, juu ya yanayotokea mwanga mkali unapofika kwenye mpaka wa kitu kimoja na kingine.

Mpaka. Neno hilo ndilo lililofungua mlango wa metali. Ulinganifu wa fedha ni wa ndani. Ukifika kwenye uso, upande huu kuna fedha na upande ule kuna hewa. Atomi ya mwisho haina mwenzake wa ng'ambo. Mashua imefungwa gatini. Kwa hiyo uso wa metali, tabaka la atomi chache tu, uliweza kutoa kile ambacho mwili mzima uliokuwa chini yake ulikatazwa kutoa.

Mwaka 1965 Fielding Brown, Robert Parks na Arthur Sleeper, wakiwa Williams College, chuo kidogo katika milima ya Massachusetts, walimulika uso wa fedha kwa leza ya yakuti na kuuona mwanga maradufu ukirudi. Chuo hicho hakikuwa na jina kama Harvard wala fedha za aina ile nyingine, lakini walikuwa wa kwanza kuuona mwanga huo ukitoka kwenye metali. Mwaka uleule Sudhanshu Jha, mwanafizikia wa India ambaye baadaye aliongoza Tata Institute ya Mumbai, alitoa nadharia: elektroni huru za metali, zinazozunguka bila kufungwa na atomi yoyote, zinapofika ukingoni zinakuta ukuta, na hapo ndipo mwendo wake unapoharibika. Kulikuwa pia na mchango dhaifu kutoka ndani kidogo ya metali, kwa sababu mwanga una nguvu ya sumaku pamoja na ya umeme, na ugomvi wa kugawa kiasi gani ni cha uso na kiasi gani ni cha ndani uliendelea miaka mingi. Sitamchosha msomaji nao. Jambo la kukumbuka ni kwamba mwanga uliotoka ulikuwa hafifu mno, na watu wengi waliona ni kitu cha kuvutia kisicho na kazi.

Kilichobadilisha mambo ni jambo la zamani zaidi kuliko leza. Kila anayeandika juu ya mwanga na metali ndogo huanza na kikombe cha Lycurgus, kile cha Waroma wa karne ya 4 kilichoko British Museum, chenye rangi ya kijani kikimulikwa kwa mbele na nyekundu taa ikiwekwa ndani. Mimi nimejizuia mpaka hapa. Wekundu wake unatokana na chembe za dhahabu na fedha zilizomo ndani ya kioo, ndogo kiasi kwamba unywele wa mtu ungeweza kupangiwa zaidi ya elfu moja kati yake kwa upana. Michael Faraday alizitengeneza chembe za dhahabu kwa makusudi na kuzieleza mwaka 1857 mbele ya Royal Society ya London. Baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa Royal Institution, na wekundu wake haujachuja. Gustav Mie alitoa hesabu zake mwaka 1908. Elektroni ndani ya chembe ndogo hivyo husukumwa zote pamoja na mwanga, zikajaa upande mmoja kisha wa pili, kama maji yanayochezacheza ndani ya ndoo mtu anapotembea nayo. Mwendo wa miguu ukilingana na mchezo wa maji, maji humwagika. Mwaka 1957 Rufus Ritchie wa Oak Ridge, Tennessee, alionyesha kwa nadharia kwamba hata kwenye uso mpana wa metali elektroni zinaweza kucheza hivyo, kwa mawimbi yanayotambaa juu ya uso. Mchezo huo leo unaitwa plazmoni.

Plazmoni hulikusanya wimbi la mwanga karibu na uso na kulizidisha nguvu. Na hapa hesabu inapendeza. Nguvu ya uwanja wa umeme ikizidishwa mara 10, ukali wa mwanga pale umezidi mara 100, kwa kuwa ukali ni mraba wa uwanja. Hamoni ya pili nayo ni mraba wa ukali. Kwa hiyo imezidi mara 10,000. Zawadi ndogo mlangoni inakuwa shehena ndani ya nyumba.

Shida ni kwamba uso uliosuguliwa vizuri haupokei mwanga kuwa plazmoni. Mwendo wa mwanga na mwendo wa wimbi linalotambaa haulingani, na miale inarudi kama kwenye kioo cha kujitazamia. Mwaka 1968 Wajerumani, Andreas Otto kwa upande mmoja, Erich Kretschmann na Heinz Raether kwa upande mwingine, walipata ujanja wa kutumia prizimu kulazimisha vilingane. H. J. Simon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toledo, Ohio, walitumia prizimu na utando wa fedha mwaka 1974, na hamoni ya pili ikapanda kama ilivyotarajiwa. Kazi safi, yenye vipimo vya pembe hadi sehemu za nyuzi.

Mwaka huohuo wa 1974, jambo kubwa zaidi lilitokea Southampton, Uingereza, na waliolifanya hawakujua wamefanya nini. Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walikuwa wanakemia. Walitaka kuona molekuli za piridini zilizoshika kwenye elektrodi ya fedha majini, kwa kutumia mtawanyo wa Raman, ule uliogunduliwa Kolkata mwaka 1928, ambapo fotoni chache mno hubadilika rangi kidogo kwa kugongana na molekuli. Chache mno kweli: moja tu kati ya mamilioni. Tabaka moja la molekuli halingetosha kutoa ishara. Wakaamua kuongeza eneo. Waliipitishia umeme elektrodi mbele na nyuma mara nyingi, fedha ikayeyuka na kurudi, ikayeyuka na kurudi, mpaka uso wake ukawa na vinundu na mashimo kama ukuta wa matumbawe. Ishara ikatokea, na wakasema ni kwa sababu ya molekuli nyingi zaidi zilizopata mahali pa kukaa.

Miaka mitatu ikapita kabla mtu hajahesabu upya. Mwaka 1977 David Jeanmaire na Richard Van Duyne wa Chuo Kikuu cha Northwestern, na wakati huohuo Grant Albrecht na Alan Creighton wa Chuo Kikuu cha Kent, walionyesha kwamba ishara imezidi kwa mara laki moja hadi milioni. Hakuna ukwaruzo unaoweza kuongeza eneo kiasi hicho. Fedha yenye vinundu ilikuwa ikifanya kitu kwa mwanga wenyewe. Mwaka uliofuata Martin Moskovits wa Toronto alisema ni plazmoni: kila kinundu kilikuwa ndoo yake ndogo ya elektroni, na vinundu vilivyokaribiana vilikuwa vikibana mwanga katikati yao. Fleischmann, aliyeletwa Uingereza akiwa mtoto akikimbia Wanazi kutoka Czechoslovakia, anakumbukwa leo na wengi kwa madai ya mwaka 1989 ya kuunganisha viini vya atomi ndani ya chupa ya maji mazito, madai ambayo hayakuthibitika. Nadhani ni dhuluma kidogo. Elektrodi yake iliyokwaruzwa imefanya kazi zaidi ya maabara nyingi zenye sifa.

Sasa nyuzi mbili zilikuwa mezani, na aliyezifunga pamoja alikuwa mwanafunzi wa Bloembergen. Yuen-Ron Shen alizaliwa Shanghai mwaka 1935, akasoma Taiwan, akafika Harvard na kupata shahada ya udaktari mwaka 1963, wino wa makala za mpaka ukiwa bado haujakauka. Kuanzia 1964 alikuwa Berkeley. Mwaka 1981, pamoja na C. K. Chen na A. R. B. de Castro, aliichukua fedha iliyokwaruzwa kwa umeme kama ile ya Southampton na kuimulika kwa leza, akilinganisha na fedha laini. Hamoni ya pili kutoka kwenye fedha mbovu ilikuwa na nguvu zaidi kwa takribani mara 10,000. Tena haikutoka kwa mwale mmoja kama kwenye kioo. Ilisambaa kila upande, kwa sababu kila kinundu kilitoa chake. Mwaka uleule maabara za Bell huko New Jersey zilipata mwanga maradufu kutoka kwenye visiwa vidogo vya metali na kutoka kwenye maumbo yaliyochongwa kwa makusudi kwa njia za wachonga mizunguko ya elektroniki. Na mwaka huo, kwa nasibu nzuri, Bloembergen alipewa Tuzo ya Nobel, akigawana na Arthur Schawlow na Kai Siegbahn.

Shen hakubaki kwenye fedha. Aliuona udhaifu wa jambo lenyewe kuwa ndio faida yake. Ikiwa ndani ya kitu chenye ulinganifu hakuna hamoni ya pili, basi mwanga wowote maradufu unaotoka umetoka juu, na ukiupima unaupima uso peke yake, hata uso huo ukiwa juu ya lita elfu za kitu kilekile. Alipanua njia hiyo kwa kuchanganya leza mbili za rangi tofauti, na mwaka 1993 akiwa na wanafunzi wake alionyesha kwamba kwenye uso wa maji ya kawaida, zaidi ya molekuli moja kati ya tano imenyoosha mkono wake mmoja wa hidrojeni juu hewani, haujashika kitu. Maji ya bombani, maji ya kisima, yote yana ngozi ya mikono iliyonyooshwa. Kwa ladha yangu hilo ndilo tunda bora la kisa hiki chote, ingawa wanaoandika juu ya nano huliruka kwa sababu halina dhahabu ndani yake.

Dhahabu ilikuwa ikienda njia nyingine. Miaka ya 1990 na baada yake, mashine za kuchora kwa mwale wa elektroni zilishuka bei na kupanda ustadi, na watu hawakuhitaji tena kutegemea bahati ya vinundu. Mtu aliweza kuketi, kuchora umbo kwenye kompyuta, na kupata maelfu ya maumbo hayo ya dhahabu juu ya kioo, kila moja dogo kuliko wimbi la mwanga. John Pendry wa London alitabiri mwaka 1999 kwamba pete ndogo za metali zilizokatwa upande zingekusanya uwanja wa umeme kwenye ufa wake na kuzidisha majibu ya namna hii. Mwaka 2006 Matthias Klein, Christian Enkrich, Martin Wegener na Stefan Linden wa Karlsruhe walipanga pete za dhahabu zenye umbo la herufi U na kupata hamoni ya pili iliyopanda sana mwanga ulipolingana na mchezo wa elektroni ndani ya U. Kumbuka umbo lenyewe: U haina ulinganifu wa juu na chini. Walikuwa wamejenga gati kwa mkono.

Lakini maumbo yaliyochorwa yalileta fedheha yake. Huko Tampere, Ufini, kikundi cha Martti Kauranen kilipima chembe za dhahabu zenye umbo la herufi L. Kwa kuangalia umbo, kuna miale ambayo ulinganifu unaikataza isitoke kabisa. Ilitoka. Michoro ilikuwa kamili kwenye kompyuta. Dhahabu yenyewe ilikuwa na vinyweleo na kingo zilizochakaa za nanomita chache, ambazo darubini ya kawaida isingeziona, na hamoni ya pili ilikuwa ikizisema zote. Mwaka 2007 kikundi hicho kilipima vipande viwili vilivyopangwa kuwa herufi T yenye mwanya katikati. Kila mtu alidhani mwanya ukiwa mdogo mwanga maradufu utazidi, kwa kuwa uwanja hubanwa zaidi. Matokeo hayakufuata mstari huo. Kilichotawala ni jinsi uwanja ulivyokuwa hauna ulinganifu pande mbili za mwanya. Bloembergen angewaambia hivyo mwaka 1962.

Tamaa haikuishia kwenye maradufu. Mwaka 2008 kikundi cha Seung-Woo Kim wa taasisi ya KAIST huko Daejeon, Korea Kusini, kilitoa katika jarida la Nature habari iliyowafanya watu waamke usiku. Walichonga pembetatu mbili za dhahabu zinazotazamana ncha kwa ncha, kama tai ya kipepeo anayoivaa bwana harusi, wakazipanga nyingi, wakapuliza gesi ya argoni juu yake na kuzimulika kwa mimweko mifupi ya leza, femtosekunde 10 hivi, yenye mawimbi ya nanomita 800. Walidai hamoni hadi ya 17, yaani mawimbi ya nanomita 47, mwanga ambao kwa kawaida huhitaji leza kubwa zenye vikuza nguvu vinavyojaza meza nzima. Kwao ilitosha leza ndogo. Ncha za dhahabu zilifanya kazi ya kikuza nguvu, zikizidisha ukali mara zaidi ya 100. Ukisoma makala hiyo leo bado unaona kwa nini watu waliishangilia. Ndoto ya chanzo kidogo cha mwanga huo ilionekana imekaribia.

Kule Göttingen, Ujerumani, Murat Sivis na Claus Ropers na wenzao walijaribu kurudia. Waliona mwanga wa urujuanimno wa mbali, naam. Walipoutazama kwa spektrografu makini, mistari yake ilikaa pale ambapo atomi za gesi zikichangamshwa hung'aa zenyewe, kama ndani ya taa ya neoni. Hawakukuta hamoni. Sababu waliyoitoa mwaka 2012 katika Nature, na tena kwa urefu mwaka 2013 katika Nature Physics, ni ya idadi. Hamoni za kweli hutoka kwa atomi nyingi zinazotetema kwa pamoja, na nguvu yake hupanda kwa mraba wa idadi yao. Kati ya ncha mbili za dhahabu pana nafasi ya makumi machache tu ya nanomita kila upande. Atomi zinazoweza kuenea hapo ni za kuhesabika. Uwanja ulikuwa mkali kweli, ila kwaya haikuwa na waimbaji. Waliobaki ni atomi zinazoimba kila moja kivyake. Kim na wenzake walijibu kutetea vipimo vyao, na ugomvi ukachukua kurasa kadhaa za jarida zenye adabu ya kupindukia. Binafsi naona Göttingen waliwashinda, ingawa waliochonga ncha zile hawakukosa ustadi. Walikosa mahali pa kuziweka atomi.

Pengine ndiyo sababu kikundi cha Kim kilirudi mwaka 2016 na kitu tofauti. Safari hii hawakutumia gesi. Walichonga koni ndogo ya yakuti isiyo na rangi, jiwe lile lile la leza ya Maiman ila bila kromu inayolipa wekundu, na kuivika koti jembamba la dhahabu. Dhahabu ilibana mwanga kuelekea ncha ya koni, na hamoni zilizaliwa ndani ya yakuti yenyewe, ambako atomi zimebanana bega kwa bega na si kuelea moja moja kama za argoni. Jiwe linastahimili. Dhahabu haistahimili sana: ncha iliyochongwa kali, ikimulikwa kwa nguvu ya kutosha, hupata joto, hulainika kabla ya nyuzi 1,064 ambazo dhahabu ya kawaida hungoja, na hujikunja yenyewe kuwa mviringo laini usio na kona, uso ambao mwanga huurukia na kurudi kama ulivyokuja.